Msongo wa mawazo usiokwisha: unaufanyia nini ubongo na mwili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msongo wa mawazo ni ugonjwa?

Hapana. Ni namna mwili unavyoitika ubongo unapohisi hatari, au unapoona mzigo uliopo umezidi uwezo wa kuubeba. Umekoswakoswa na bodaboda: moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, mdomo unakauka. Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza mwaka 1915 kwamba hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Damu inaelekezwa kwenye misuli, sukari inaongezwa kwenye damu, tumbo linaacha kwa muda kusaga chakula. Bodaboda ikishapita, mwili unatulia.

Madhara yanaanza pale hatari isipopita. Marejesho ya kila wiki, ndoa ya vipigo, mzazi aliyepooza anayehitaji kugeuzwa usiku kucha, kibarua ambacho hujui kama mwezi ujao kitakuwepo. Mwili hauna mfumo mmoja wa kukabili simba na mwingine wa kukabili madeni. Unatumia uleule, na mfumo huo haukuumbwa ufanye kazi miaka mitano bila kupumzika. Majibu yote yanayofuata yanatokana na jambo hilo.

Ndani ya mwili kinatokea nini hasa?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: neva zinaziamuru tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo, zimwage adrenalini. Hiyo inafanyika ndani ya sekunde. Ya pili inachukua dakika kadhaa: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaituma tezi ya pituitari, nayo pituitari inazituma adrenali zitoe homoni ya kotisoli.

Watu wameanza kuizungumzia kotisoli kama sumu, na si haki. Inapandisha sukari unapohitaji nguvu, inatuliza uvimbe, inasaidia presha isishuke mno. Mtu ambaye adrenali zake zimeshindwa kuitengeneza anaweza kufa asipotibiwa. Kwa kawaida ina ratiba yake: hupanda alfajiri, hufika kilele kama nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku wa manane.

Kotisoli ikishakuwa nyingi, ubongo wenyewe huitambua na kuamuru uzalishaji upungue. Mwaka 1968 Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha kwa panya kwamba homoni ya aina hii hunaswa kwa wingi na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Ugunduzi huo uliwashtua wengi, maana hadi wakati huo hipokampasi haikuwa ikihesabiwa kabisa katika habari za msongo. Mwaka 1993 yeye na Eliot Stellar wakatoa wazo ambalo hadi leo ndilo msingi wa somo hili: kila mara mwili unapojirekebisha ili kukabili shida, unalipa gharama, na gharama hizo hulimbikizana kwenye mishipa ya damu, kinga, mafuta ya tumboni na ubongo kwa pamoja. Ndiyo maana mtu mwenye msongo wa muda mrefu mara nyingi haumwi kitu kimoja. Leo kichwa, kesho tumbo, keshokutwa mgongo, na kila kipimo kinarudi safi.

Ni kweli ubongo unasinyaa?

Hapa inabidi kujibu kwa uangalifu, kwa sababu mitandaoni jambo hili hutiwa chumvi sana.

Ushahidi mmoja mzito ulitoka Kenya. Mwaka 1989 wanasayansi waliripoti habari za tumbiri waliokamatwa porini na kufugwa kwa makundi katika kituo cha utafiti nchini humo. Baadhi yao walikufa. Walipopasuliwa walikutwa na vidonda vya tumbo, adrenali zilizovimba, na alama za kung'atwa, dalili kwamba walikuwa wanaonewa na wenzao bila pa kukimbilia. Ndani ya hipokampasi zao, seli za ubongo zilikuwa zimeharibika.

Kwa panya picha iko wazi zaidi. Ukimweka panya kwenye msongo kwa wiki tatu hivi, matawi ya seli za hipokampasi hufupika. Hali hiyohiyo huonekana sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupanga, kujizuia na kupima jambo kabla ya kutenda. Lakini amigdala, inayosimamia hofu, hufanya kinyume: matawi yake hurefuka. Kwa hiyo si sahihi kusema ubongo wote unasinyaa. Unabadilika umbo kuelekea kwenye hofu na tahadhari, na kuondoka kwenye kumbukumbu na busara. Mtu mpole anayeanza kufoka nyumbani kwa sababu ya sahani iliyovunjika anaweza kuwa katika hali hiyo, na familia yake ingefaidika kulijua hilo kabla ya kumwita mbaya.

Kwa binadamu, picha za ubongo zimeonyesha hipokampasi ndogo kwa watu wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ya muda mrefu na walionusurika na matukio ya kutisha. Lakini je, udogo huo ni matokeo au chanzo? Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walilinganisha wanajeshi waliopigana Vietnam na pacha wao waliobaki nyumbani. Wanajeshi waliorudi na kiwewe kikali walikuwa na hipokampasi ndogo, na pacha zao ambao hawakuiona vita nao walikuwa nazo ndogo. Kwa kundi lile, sehemu ya tofauti ilikuwepo kabla ya vita. Anayekwambia kwamba mawazo yako ya mwaka huu yameshaua ubongo wako anasema zaidi ya anachokijua.

Mbona ninasahau sana siku hizi? Niko kwenye thelathini tu.

Mara nyingi tatizo liko kwenye umakini kabla hata ya kumbukumbu. Jambo ambalo halikuingia vizuri haliwezi kukumbukwa. Ubongo unaokagua hatari muda wote huwa hauna nafasi ya kusajili ulipoweka funguo. Ongeza kukosa usingizi, na usingizi ndio wakati kumbukumbu za mchana huimarishwa. Kama kusahau kunaambatana na kupotea njia unayoijua, kushindwa kuongea vizuri au ganzi upande mmoja wa mwili, hilo ni jambo jingine na linahitaji hospitali haraka.

Kwa nini watu wawili wana shida ileile, mmoja anaugua na mwingine haugui?

Hili ndilo swali ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote, na jibu lake bora limetoka Masai Mara.

Tangu mwaka 1978 Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa akienda Mara kufuatilia makundi ya nyani. Aliwapiga kwa mshale wa dawa ya usingizi, akawatoa damu na kupima homoni. Nyani wa kule hupata chakula chao ndani ya saa chache za siku. Muda unaobaki wanautumia kusumbuana. Aligundua kwamba pale ngazi ya vyeo ikiwa imetulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli ya juu hata wakiwa wamekaa tu. Walikuwa wakipigwa na kunyang'anywa wakati wowote, bila kujua lini. Lakini ngazi ilipovurugika na vyeo kugombewa, walio juu nao walionekana na dalili zilezile. Cheo chenyewe hakikuwa kinga; kinga ilikuwa uhakika wa kesho. Na dume aliyekuwa na marafiki wa kukaa nao na kuchambuana manyoya alikuwa na kotisoli ndogo kuliko mpweke wa cheo kilekile.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mtafiti angelipanga. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kugombania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Waliobaki ni majike na madume wapole. Kundi likatulia, na madume wa chini wakaacha kuonyesha zile alama za msongo. Miaka mingi baadaye, madume wale wapole wote walikuwa wamekwisha kufa au kuondoka, lakini wageni waliohamia walikuta utaratibu wa upole na wakaufuata. Sapolsky na Lisa Share waliyachapisha hayo mwaka 2004.

Kwa binadamu tazama London. Utafiti wa pili wa Whitehall, uliopewa jina la mtaa wa ofisi za serikali na ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot, ulifuatilia watumishi wa serikali 10,308. Wote walikuwa na ajira, na matibabu ya serikali yalikuwa bure kwa wote. Bado magonjwa ya moyo yaliongezeka kadiri cheo kilivyoshuka, na sehemu ya tofauti hiyo ilihusiana na mtu kukosa usemi juu ya kazi yake mwenyewe.

Kwa hiyo tukimwambia mtu "punguza mawazo" halafu tukaondoka, tumemtwika lawama juu ya mzigo. Cha kumuuliza ni: jambo gani hapa huna usemi nalo, nani anakuonea, na nani yuko upande wako?

Daktari amesema nina presha. Ni mawazo?

Inaweza kuwa sehemu yake, mara chache ikawa yote. Msongo hupandisha presha kwa muda, na ukidumu huchangia ugonjwa wa moyo. Utafiti mkubwa wa nchi 52 uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba watu waliopata shambulio la moyo waliripoti msongo mwingi zaidi, kazini na nyumbani, kuliko wasiopata. Lakini chumvi, uzito, urithi, pombe, sigara na umri vyote vimo.

Linalotisha ni imani kwamba presha ya mawazo huisha mawazo yakiisha, hivyo dawa zinaachwa. Presha haina budi kupimwa, siyo kukisiwa kwa jinsi unavyojisikia. Watu wengi wamepata kiharusi wakiwa wanajisikia vizuri kabisa.

Na vidonda vya tumbo?

Zamani iliaminika vinaletwa na mawazo. Kisha Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walithibitisha kwamba vingi husababishwa na bakteria, Helicobacter pylori, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi wetu tunazinunua dukani kama karanga. Msongo unaweza kuongeza maumivu na kuchelewesha kupona, ila ukiishia kulaumu mawazo utakosa tiba ya bakteria inayoponya kabisa.

Mbona naugua mafua kila mara?

Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake waliwatilia watu wazima 394 wenye afya matone ya virusi vya mafua puani, wote kwa hiari yao. Kadiri msongo wa mtu ulivyokuwa mkubwa, ndivyo uwezekano wa kuambukizwa ulivyoongezeka. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio walifanya jaribio jingine ambalo lingepaswa kujulikana na kila familia yenye mgonjwa wa kitandani. Waliwatoboa kidonda kidogo kinachofanana wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu mwenye ugonjwa wa kusahau, na wengine wasiouguza. Kwa wauguzaji, kidonda kilichelewa kupona kwa siku tisa.

Katika nyumba nyingi zetu kuuguza huachiwa mtu mmoja, mara nyingi binti au mkamwana, na anasifiwa kwa uvumilivu wake. Sifa hazimpi usingizi. Kumpokea zamu usiku mbili kwa wiki kutamsaidia zaidi.

Msongo unanenepesha? Unapandisha sukari?

Kotisoli huliamuru ini litoe sukari na kufanya insulini isifanye kazi vizuri. Mwenye kisukari huliona hilo kwenye mashine yake wiki ya msiba au ya mitihani. Kuhusu kitambi, kotisoli nyingi huelekeza mafuta tumboni, lakini usingizi mfupi, soda, chipsi na bia za kujipoza huchangia pia. Wengine hukosa hamu ya kula na kukonda.

Kuna jambo linalokaribiana na hili ambalo halisemwi vya kutosha. Krimu nyingi za kujichubua na mikorogo huwa na dawa kali kama clobetasol, na vidonge vya dexamethasone hutumiwa na wengine ili wanenepe. Hizo ni ndugu wa kotisoli zilizotengenezwa maabara, zenye nguvu kuliko kotisoli yenyewe. Zikitumika muda mrefu huleta uso wa mviringo, kitambi, ngozi nyembamba, sukari na presha, na hulaza adrenali zisitengeneze homoni zake. Ukiwa umezitumia kwa miezi, usiache ghafla bila daktari: mwili unaweza kubaki bila kotisoli kabisa.

Hedhi yangu imevurugika. Mume wangu naye hana hamu. Ni msongo?

Inawezekana kwa wote wawili. Ubongo ukiona hali ni ya hatari hupunguza amri za homoni za uzazi. Hedhi huchelewa au kukosekana, hamu hupungua, na uume kusimama huwa shida kwa sababu unahitaji utulivu wa neva na damu ya kutosha. Lakini pima mimba kwanza, na mume apimwe sukari na presha kabla ya kununua dawa za nguvu za kiume. Tatizo hilo wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya mishipa ya moyo kuziba.

Watoto nao hupata?

Ndiyo, na kwao alama hukaa muda mrefu kwa sababu ubongo bado unajengwa. Vincent Felitti na Robert Anda, katika utafiti ulioanza kuchapishwa mwaka 1998 na kuhusisha zaidi ya watu wazima 17,000 huko California, waliuliza juu ya utoto wenye vipigo, kudhalilishwa, ulevi wa mzazi na mengine. Kadiri mambo hayo yalivyokuwa mengi ndivyo sonona na ugonjwa wa moyo ulivyoongezeka ukubwani. Si hukumu kwa mtoto yeyote. Mtu mzima mmoja anayeaminika, awe bibi, mjomba au mwalimu, hupunguza madhara kwa kiasi kikubwa.

Madhara yakishaingia, ubongo unarudi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 2009 watafiti wa New York waliwachunguza wanafunzi 20 wa udaktari waliotoka kusomea mtihani mgumu kwa mwezi mzima. Mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo yalikuwa yamedhoofika, nao walishindwa kuhamisha umakini vizuri. Baada ya mwezi wa mapumziko, yote yalirudi kawaida. Kwa panya, amigdala huchelewa kurudi kuliko sehemu nyingine. Labda ndiyo sababu hofu hubaki hata shida ikiisha. Na mwaka 2011 wazee waliotembea kwa miguu dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao ziliongezeka kama asilimia 2. Kutembea hakuhitaji gym.

Basi nifanye nini? Madeni hayaondoki kwa kutembea.

Hayaondoki, na ushauri usiogusa chanzo una mipaka. Mwenye mkopo wa kausha damu anahitaji kuuorodhesha, kumwambia mtu wa nyumbani, kujadiliana upya marejesho, na kutochukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Kila jambo unalopata tena usemi nalo, hata dogo, mwili hulihesabu.

Kuzungumza kuna ushahidi, tena wa Afrika. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Zimbabwe kuwafundisha bibi wa mtaani wakae kwenye benchi nje ya zahanati, wasikilize, na wamsaidie mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikishuka wazi, na benchi hizo zimefika hata Zanzibar. Nairobi nako, wahudumu wa afya wa jamii waliwasaidia wanawake waliopitia ukatili kwa vikao vitano vilivyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, wakapata nafuu.

Lala na uamke saa zilezile. Toa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Punguza pombe, kwani huleta usingizi kisha huukatisha usiku wa manane, na uangalie mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Naambiwa imani yangu ni haba, au nimerogwa.

Sala, dua na jamaa za ibada huwasaidia wengi kweli, kwa utulivu na kwa kuwa na watu. Usiziache. Ila kuugua hakuthibitishi imani haba, na hakuna kiongozi wa dini mwenye hekima atakayekukataza kwenda hospitali. Viende pamoja.

Kuna kipimo cha msongo?

Hakuna cha damu kinachotosha. Kotisoli hubadilika saa kwa saa, na baada ya miaka ya msongo kwa baadhi ya watu hushuka badala ya kupanda. Kipimo hicho hutumika kutafuta magonjwa ya adrenali. Anayekuuzia virutubisho vya "adrenali zilizochoka" anakuuzia jina ambalo madaktari wa homoni hawalitambui.

Lini niende hospitali?

Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au mkono kulegea: nenda sasa hivi, usisubiri ijulikane kama ni mawazo. Wiki mbili au zaidi za huzuni, kukosa usingizi, kutofurahia chochote au kushindwa kazi: nenda kituo cha afya na ueleze hali ya moyoni pamoja na ya mwili, maana usipoisema utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa. Ukipata mawazo ya kujiua, usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke leo. Kenya kuna namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, na kwa watoto namba ni 116, Kenya na Tanzania. Chukua dawa zote unazotumia, krimu zikiwemo, umwonyeshe daktari.